Friza Linauzwa, Maongezi Yapo

Daktari aliandika jina la chuma kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akampa Zuwena badala ya kumpa mgonjwa mwenyewe. Chuma na skrubu zake ni laki saba, alisema, na vinanunuliwa nje. Upasuaji ni Ijumaa ijayo. Ijumaa ikipita, nafasi nyingine ni baada ya wiki sita, na mfupa haungoji wiki sita. Utaunga wenyewe unavyotaka.

Masoud alisikia yote, maana alikuwa amelala palepale.

"Daktari, mie fundi mwashi," alisema. "Napanda juu."

"Ndiyo maana nakwambia Ijumaa," daktari alimjibu.

Laki mbili na nusu walikuwa nazo: laki moja aliyoiacha mwenye jengo ambako Masoud alianguka, pamoja na mfuko wa machungwa, na laki na nusu ya kaka yake. Zilizobaki zilikuwa ndani ya nyumba yao ya Dunda, zimesimama koridoni zikinguruma: friza la lita mia mbili, ambalo Zuwena aligandishia askrimu za ubuyu na ukwaju za watoto wa shule, na barafu za wauza juisi. Tangu Masoud avunjike mguu, friza hilo ndilo lililokuwa likiwalisha. Wote wawili walilijua hilo na hakuna aliyelitamka.

Jumamosi jioni Zuwena alimwita Habiba, jirani mwenye kibanda cha soda, aje na simu yake nzuri.

"Futa kwanza hiyo kutu ya pembeni," Habiba alisema akitafuta pa kusimama.

"Niifiche?"

"Usiifiche. Usiitangulize tu."

Walipiga picha nne. Habiba akaandika tangazo kwenye ukurasa wa kuuzia vitu vilivyotumika: Friza linauzwa. Lita 200. Linagandisha vizuri sana. Lipo Dunda, Bagamoyo. Bei 600,000, maongezi yapo. Chini akaweka namba ya Zuwena.

Kutoka chumbani Masoud aliuliza, "Mmeandika kwamba ni la kwetu wenyewe? Watu wasidhani la wizi."

Hawakuwa wameandika. Habiba akaongeza.

Kabla ya isha watu kumi na saba walikuwa wameuliza. Wote waliuliza neno moja: bado lipo? Zuwena alimjibu kila mmoja kama anavyomjibu mtu aliyesimama mlangoni. Waalaykum salaam, ndiyo lipo, karibu sana. Kumi na mmoja hawakusema kitu tena. Wanne waliuliza bei ya mwisho, wakaambiwa, wakanyamaza. Mmoja alitaka kubadilishana na pikipiki mbovu. Mwingine aliandika kwamba ana laki mbili na anakuja sasa hivi, na Zuwena alipomwomba radhi kwamba hiyo haitoshi, akajibiwa: basi zikwa nalo.

Zuwena alimwonyesha Habiba maneno hayo. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na hajawahi kumkosea mtu huyo, wala hamjui.

"Usiyasome mara mbili," Habiba alimwambia.

*

Jumapili walikuja vijana wawili, mmoja amevaa viatu vyeupe ambavyo hakuvivua. Alifungua friza, akalifunga, akalifungua tena. Akamwambia Zuwena atoe vitu vyote, hawezi kununua asichokiona. Zuwena alizihamishia askrimu themanini kwenye ndoo. Kijana akainama, akasikiliza mota, akagonga ubavu kwa goti, akampigia mtu simu ya video na kumzungushia friza zima. Mwenzake aliomba maji ya baridi, akapewa.

"Mbona linauzwa?" aliuliza wa viatu vyeupe.

"Tuna mgonjwa."

Kijana alichungulia mlango wa chumba uliokuwa wazi, akauona mguu wa Masoud juu ya mito, na Zuwena akaona uso wake ukipiga hesabu mpya.

"Laki mbili na nusu."

"Hapana, mwanangu."

"Mama, wewe una haraka. Mie sina."

Walipoondoka walisema watawasiliana. Askrimu zilikuwa zimeanza kulainika. Zikirudishwa zitaganda vibaya na watoto watazikataa, kwa hiyo Zuwena alizigawa nyingine kwa majirani na nyingine akazimwaga.

"Wamechukua?" Masoud aliuliza.

"Wanakwenda kuzungumza."

*

Jumatatu saa tatu asubuhi ilipiga namba mpya, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima asiye na pupa. Ilitoa salamu kamili mpaka wabarakatuh, ikauliza hali ya nyumbani, ikangoja jibu.

"Shikamoo, baba," Zuwena alisema. Hakuweza kusema vingine.

"Marahaba, mwanangu. Mie naitwa Abdulwahab, niko Msata, nina duka pale njia panda. Nimeliona friza lako. Wewe si dalali?"

"Hapana, baba. Ni langu mwenyewe. Mume wangu kavunjika mguu, anapasuliwa Ijumaa."

"Allah amponye. Basi laki sita yako naikubali, sitapunguza. Mtu akiuza chombo chake cha riziki ana jambo, si vizuri kumkandamiza."

Tangu Jumamosi hakuna aliyezungumza na Zuwena hivyo.

"Jumatano saa nne niko kwako na gari dogo la mizigo, Kirikuu," mzee aliendelea. "Ila nishikie, mwanangu. Liondoe huko kwenye matangazo, watu wasije wakatuchanganya."

"Nimeshalishika, baba."

Habiba alipokuja kuliondoa tangazo alisita, kidole juu ya kioo.

"Amekutumia cha kushikia? Hata elfu hamsini?"

"Nimwombe mzee wa watu pesa kabla hajaiona mali? Ameniuliza mpaka hali ya nyumbani."

"Salamu hainunui chuma, shoga."

"Liondoe, Habiba."

Habiba akaliondoa.

Jumanne alasiri alikuja Mahmoud, muuza samaki wa jirani, ambaye alisikia habari kwa watu. Alikuja na guta la magurudumu matatu na vijana wa kubeba. Hakugonga ubavu wala hakupiga simu kwa mtu. Aliweka kiganja ndani ya friza, akahesabu kimoyomoyo, akasema, "Laki tano na nusu. Ninazo hapa."

Zuwena aliingia chumbani, akavuta pazia nyuma yake.

"Baba Hafidha, umemsikia?"

"Nimemsikia." Masoud alikuwa amepauka kwa maumivu, dawa ya mchana ilikuwa imekwisha nguvu. "Yule wa Msata ulimwambia ndiyo?"

"Nilimwambia."

"Basi umeshauza. Hilo sasa ni la kwake, wewe unamlindia."

"Na asipokuja?"

"Kwa nini asije? Mtu amekupa bei yako bila kukubania, hata hajakuona, umgeuke kwa sababu huyu ametangulia mlangoni? Marehemu baba aliuza vitambaa mjini hapa miaka ishirini. Akikwambia jora hili la fulani, hata ukimpa mara mbili hulipati."

"Baba alikuwa na majora mengi," Zuwena alisema. "Mie nina friza moja."

Zuwena alimtazama mguu, kisha uso. Kitu pekee cha mume wake ambacho hakikuwa kimevunjika ni hiki, kushika neno, na hakuwa na moyo wa kukivunja. Alitoka akamwambia Mahmoud kwamba limeshikwa.

"Kheri," Mahmoud alisema. "Ila mie leo lazima ninunue, samaki hawaningoji. Nisipopata hapa naongeza, nachukua jipya dukani."

"Nenda, kaka. Allah akuwekee."

Guta liliondoka tupu. Zuwena alilisindikiza kwa macho mpaka lilipokata kona.

*

Usiku wa kuamkia Jumatano alilizima friza, akaliosha kwa maji ya ndimu, akaliacha wazi likauke. Siku hiyo hakukuwa na askrimu wala barafu, na watoto wa shule walipogonga aliwaambia zimekwisha.

Saa nne ilifika. Saa nne na nusu akapiga simu.

"Niko njiani, mwanangu. Tumeshapita Kiwangwa."

Saa sita akapiga tena. Kirikuu ilikuwa imepata pancha, wanaziba. Saa nane simu iliita mpaka ikakatika. Saa kumi haikuita kabisa. Zuwena alikaa kwenye kibaraza amevaa gauni lake la kupokelea wageni, na kila gari dogo lililopita alinyanyuka kidogo, kisha akajirekebisha kama mtu aliyenyanyuka kuweka kanga yake sawa.

Baada ya magharibi ujumbe ukaingia. Samahani mama nimepata jingine bei nzuri. Mungu akufungulie mlango mwingine.

Abdulwahab hakuwa tapeli. Duka lake la Msata lilikuwepo kweli, na njia panda watu walimwita mzee mwema. Wiki ile alikuwa ameshikiwa mafriza matatu, la Bagamoyo, la Chalinze na la Lugoba, na asubuhi ya Jumatano akachukua la Lugoba kwa laki nne na themanini. Hakupita Kiwangwa siku hiyo. Aliona vibaya kumwambia mwanamke mwenye mgonjwa maneno ya kumkata tamaa asubuhi, akaona heri ayasogeze mpaka jioni.

Zuwena alimpa Masoud simu asome mwenyewe. Masoud alisoma, akairudisha, akageukia ukuta.

"Mpigie Mahmoud," alisema.

Mahmoud alikuwa ameshanunua.

Habiba alilirudisha tangazo. Safari hii bei ilikuwa laki tano na nusu. Haikupita nusu saa, mwanamke mmoja akapiga.

"Shikamoo," alisema kwanza, kwa kuwa hakujua anazungumza na mtu wa umri gani. "Naitwa Mwaija, napiga kutoka Ubena. Lile friza bado lipo?"

"Marahaba. Lipo."

"Dada, nikwambie ukweli nisikupotezee muda. Tuko wanawake saba, tumechanga. Tuna laki tano, hatuna zaidi. Tunataka kuuza barafu na maji ya baridi barabarani, malori yanasimama pale."

"Laki tano sawa."

Mwaija alikuwa amejiandaa kubishana.

"Nikutumie elfu ishirini ya kushikia?"

Zuwena alifungua mdomo aseme ndiyo. "Usitume," alisema. "Wewe njoo. Lakini njoo mapema. Kesho saa saba tunaondoka na mgonjwa kwenda hospitali Dar, na kuna kitu lazima tukinunue kabla maduka hayajafungwa."

Mwenyewe hakujua kama alikataa zile elfu ishirini kwa huruma au kwa kutotaka kufungwa tena.

"Nikitoka kuswali alfajiri niko barabarani," Mwaija alisema. "Ila nauli yangu ya kuazima, dada. Usinifanye nije bure."

"Njoo, dada. Shuka stendi, mwambie bodaboda kibanda cha Habiba."

*

Alhamisi saa nne na nusu gari lilisimama mlangoni, pikapu safi yenye jina la nyumba ya wageni ubavuni. Alishuka mtu mnene aliyejitambulisha kwa jina la Amiri, msimamizi wa nyumba hiyo. Hakuwa amepiga simu. Alikuwa anapita, akakumbuka tangazo, akauliza kibandani.

Alitazama kutu, akatazama mota.

"Laki nne."

"Kuna mtu analifuata, ana laki tano."

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani. Anatoka Ubena."

Amiri alicheka, wala si kwa ubaya. "Dada yangu, kila mtu yuko njiani. Mie niko hapa. Laki nne na thelathini, nahesabu sasa hivi, vijana wapandishe. Nikitoka hapa sirudi."

Zuwena alimpigia Mwaija. Sauti ya mashine ikamwambia namba hiyo haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, akaiweka simu sikioni muda mrefu kuliko maneno ya ile sauti.

Masoud alikuwa ameshavalishwa kwa ajili ya safari, shati jeupe limepigwa pasi, mguu kwenye mito. Zuwena alisimama mlangoni.

"Mwanamke wa Ubena hapatikani. Huyu ana laki nne na thelathini. Unasemaje?"

Masoud alitazama mikono yake.

"Mie juzi nilisema," alijibu. "Leo sina la kusema."

Zuwena alisimama pale kidogo zaidi, kwa kuwa angependa mtu mwingine alitamke. Kisha akarudi koridoni.

"Hesabu," alimwambia Amiri.

Pikapu ilipoondoka aliandika ujumbe. Samahani dada friza limeshauzwa. Akaongeza dua, akaisoma, akaifuta dua, akatuma yaliyobaki.

*

Saa sita kasorobo mtu alipiga hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amevaa baibui lililoshika vumbi la barabara mpaka magotini. Begani alikuwa na kamba mpya ya katani, bado imefungwa kwa karatasi ya dukani.

"Ndipo kwa Bi Zuwena? Mie Mwaija. Nimechelewa, basi la Chalinze lilikaa sana. Lakini nimeshasema na mtu wa lori la fuso pale stendi, analipandisha mpaka Msata kwa bei nzuri."

"Karibu," Zuwena alisema.

"Nilizima simu chaji isiishe, isije ikaniacha kabla sijafika. Ngoja niwaambie wenzangu nimefika, wana roho juu."

Aliwasha simu, akangoja. Ujumbe ukaingia. Mwaija aliusoma pale pale mlangoni, midomo ikisogea kwa kila neno. Alipomaliza aliinua macho, akatazama koridoni kupita bega la Zuwena, mpaka pale sakafu ilipokuwa nyeupe kuliko penginepo.

"Lini?"

"Sasa hivi. Saa nzima iliyopita."

"Kwa kiasi gani?"

Zuwena angeweza kudanganya. "Laki nne na thelathini."

"Mie nina laki tano."

"Najua."

Masoud alikohoa kutoka chumbani. "Karibu ndani, dada. Upumzike, unywe maji."

Mwaija aliingia, akauona mguu, akasema pole kaka, Mungu atakuponya. Maji aliyanywa yakiwa ya moto, hakukuwa na mengine. Zuwena alitoa noti ya elfu kumi kwenye zile za kununulia chuma, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Ya nauli, dada. Nakuomba."

"Weka. Hiyo ni ya mguu."

"Nilikupigia. Mara tatu."

"Naona, zimeandikwa hapa." Mwaija aliifunga kamba upya begani. "Mie sikulaumu. Ila kule wako sita wananisubiri. Wawili waume zao walikataa wasichange, wakachanga kwa siri. Nikirudi mikono mitupu watasema sikufika, nililala Chalinze." Alifikiri. "Nipige picha hapa mlangoni. Ionekane nilifika. Na wewe uingie."

Habiba aliitwa, akapewa simu ya Mwaija. Walisimama kwenye kizingiti bega kwa bega, mgeni na kamba yake, mwenyeji na gauni lake la safari. Habiba alihesabu moja mpaka tatu kwa mazoea, kisha akaona haya kwa kuhesabu.

*

Elfu ishirini iliyopungua walimkopa Habiba. Chuma kilinunuliwa, Masoud akapasuliwa Ijumaa, na baada ya miezi mitatu alikuwa akitembea na fimbo moja. Daktari alisifu jinsi mfupa ulivyokaa. Juu hajapanda tena, anasema bado, lakini anapiga lipu za chini na watu wanamwita. Zuwena anakaanga maandazi. Habari za friza hazizungumzwi nyumbani kwao, na wageni wakiuliza kwa nini koridoni kuna nafasi hivyo, mmoja wao huanza kuzungumzia jambo jingine.

Baada ya Idi, Habiba alijiandaa kuhamia Tanga kumfuata mumewe, akawa anauza vya kibandani. Friza lake lilikuwa jipya kuliko lile, na alitaka laki nne na nusu.

"Usiliuze," Zuwena alimwambia. "Kuna mtu. Mshikie kwa ajili yangu."

Alimpigia Mwaija. Mwaija alipokea mara moja, akauliza hali ya mguu, akashukuru Mungu, akauliza na watoto. Zuwena alimweleza friza lote, bei, mpaka kwamba usafiri mpaka Msata atalipia yeye. Mwaija alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ahsante sana, dada, kwa kunikumbuka," alisema. "Jumamosi nakuja, inshallah."

Jumamosi Zuwena alifagia mpaka nje, akapika wali wa nazi wa kutosha mtu wa ziada. Saa nane Zuwena alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Saa tisa ikaita vilevile.

Habiba alikuja akiwa amejifunga kanga kiunoni, mikono ina vumbi la kufungasha.

"Asubuhi nimemkatalia mtu mwenye pesa mkononi," alisema. "Huyo wako vipi, ni tapeli?"

"Si tapeli."

"Unamjua vizuri?"

"Namjua," Zuwena alisema. "Mara ya kwanza alikuja bure. Liuze kwa mwingine, Habiba. Haji."

Akaingia ndani kupakua chakula.